Nyasi Chini ya Ndege

Mume wangu aliikataa ndege nzuri akachagua yenye rangi iliyobabuka, na mimi nikanuna siku nzima. Ile nzuri ilikuwa nyeupe yenye mstari wa buluu, viti vya ngozi, lakini ilikuwa imelala pwani miaka mingi. Alijilaza chini yake na suruali yake ya Jumapili, akakwangua kwa ukucha ribiti moja, msumari wa kushikia bati, akainuka akisema chumvi ya bahari imeshaingia. Ya pili tuliikuta nchi kavu, mbali na bahari. Ilikuwa ya viti viwili, mabawa juu, mlango wa kuvutwa kwa nguvu. Alisoma madaftari ya matengenezo yake tangu asubuhi hadi saa ya kula, ukurasa kwa ukurasa, kila mara ilipobadilishwa oili. Akaniambia kwamba aliyeitunza alikuwa na wivu nayo, na hiyo ndiyo tutakayochukua.

Zaidi ya miaka ishirini alikuwa amefundisha watoto wa watu kurusha ndege. Wakati huo alikuwa amestaafu, amerudi Bukoba, na alitaka kumfundisha mmoja wa kwake. Wakubwa wawili hawakutaka hata kusikia. Kitinda mimba wetu, binti, ndiye aliyekuwa akihesabu siku. Alikuwa shule ya bweni, kidato cha sita.

Tuliiweka Kagoma, kule Muleba nilikozaliwa, kwenye banda la mabati kando ya kiwanja cha nyasi ambacho mwenye shamba mmoja alikitengeneza zamani akakiacha. Kibali cha kukitumia mume wangu alikihangaikia mpaka nikamwambia aende na godoro lake huko ofisini. Sisi tuliishi Hamugembe, na majirani walinitania kwamba mke wa mwenye ndege anaenda sokoni kwa bodaboda. Niliwajibu kuwa ndege haina mahali pa kufunga mkungu wa ndizi.

Kila Jumamosi tulikwenda kuihudumia. Nilijifunza kukinga mafuta kidogo kwenye glasi na kutazama kama yana maji, kupima upepo wa matairi, kufungua milango unyevu utoke. Nilianza kuipenda, ingawa sikumwambia.

Kisha daktari wa macho akampa mume wangu cheti cha afya cha urubani na kumweleza bila kuficha kwamba hicho ndicho cha mwisho. Kilikuwa kinaishia Agosti. Binti angemaliza mitihani Mei. Kwa hiyo walikuwa na Juni, Julai na Agosti, basi. Masika yote mume wangu akakaa Dar es Salaam kuhuisha leseni yake ya ualimu, akaniachia ufunguo wa banda na maagizo kwenye karatasi. Moja lilisema sakafu ya udongo ifagiliwe, ibaki tupu. Hakuandika kwa nini, na mimi si mtu wa kuuliza.

Kwetu sakafu tupu ni aibu ya mwenye nyumba. Mama yangu, Krismasi ikikaribia au mgeni akitarajiwa, alikata nyasi laini akatandika nyumba nzima, mpya juu ya za zamani, mpaka mguu unazama. Na mimi nilikuwa natarajia mgeni. Mwanangu angeingia bandani siku ya kwanza na baba yake. Ningemkaribishaje kwenye udongo mtupu? Nikakata nyasi, nikatandika. Wiki iliyofuata nikaongeza, na nyingine nikaongeza tena, mvua ikipiga mabati juu yangu. Pale ndani palikuwa na joto na harufu nzuri. Nilijisifu peke yangu.

Mume wangu alirudi Ijumaa. Kesho yake binti naye akafika kutoka shule, na kabla hawajaruka fundi wa ndege kutoka Mwanza alikuja kufanya ukaguzi wa mwaka, na wote wanne tukaingia pamoja. Mume wangu aliziona nyasi, akasimama mlangoni kidogo. Fundi alifungua vifuniko vidogo chini ya bawa, na kiota cha panya kikamwangukia kifuani. Vikafuata vingine, nyasi zangu zilezile. Mkojo wao ulikuwa umelila bati la mhimili wa bawa mpaka fundi akalitoboa kwa bisibisi. Alisema bawa lazima lishuke, kipande kiagizwe ng'ambo, na hilo si jambo la miezi mitatu. Kisha akauliza ni nani aliyetandika nyasi mle ndani.

"Ni mimi, kabla sijasafiri," mume wangu alisema.

Fundi alimtazama kama mwalimu aliyepotewa na akili. Binti yetu alikuwa ameshika begi lake la shule. Alikuwa hajalitua tangu afike.

"Tata, ulijua mvua inaleta panya kwenye nyasi?" alimuuliza baba yake.

"Nilijua. Nilizembea, mwanangu."

Nilifungua mdomo. Akanikazia macho yale mabovu, nikaufunga. Ningeweza kusema pale pale, na sikusema. Kwa hilo simlaumu mtu mwingine.

Njiani binti alikaa nyuma, begi mapajani, hadi Hamugembe. Alipokwenda kulala nilimuuliza mume wangu kwa nini.

"Mimi macho yanakwenda, na moyo nao sijui," alinijibu. "Wewe ndiye utakayebaki naye."

Agosti ikapita. Hawakuruka pamoja hata mara moja. Ndege tuliiuza vipande vipande. Binti alimheshimu baba yake, alimsalimia, alimpikia, lakini habari za ndege hakuzungumza naye tena. Baba naye alikuwa na mambo mengi ya kumfundisha. Nilimsikia wakati mwingine akiyasema mwenyewe kwa sauti ya chini, hatua kwa hatua, amekaa barazani. Kiharusi kilimchukua mwaka juzi.

Sasa binti anarusha ndege. Alifundishwa na watu baki, mbali na hapa, na wanamsifu kwa umakini. Wiki iliyopita alinipigia simu. Aliniambia kwamba kila asubuhi hufungua kila kifuniko mwenyewe na kumulika kwa tochi, hata akichekwa, kwa sababu ameapa hatakuwa mzembe kama Tata.

Nilimwambia ni vizuri, mwanangu, aendelee hivyo hivyo.