Chaja Nzito ya Baba

Kwa siku nne baba yangu aligombana na ruta, na mimi niligombana na baba.

Ruta yenyewe ni kile kisanduku cha kugawa intaneti, tena cha zamani, plastiki yake imeshageuka manjano. Ni ya mama Fabiola, Mkongomani aliyetoka Uvira, mwenye kibanda cha kupiga chapa na kutoa fotokopi karibu na soko la Rumonge. Ukiichomeka, taa ya kwanza inawaka, ya pili inawaka, ya tatu inapepesa kidogo, halafu zote zinazimika na kuanza upya. Kutwa nzima ni hivyo hivyo. Mimi nauza mawese pembeni ya meza ya baba, kwa hiyo nilizitazama taa hizo mpaka kichwa kikaniuma.

Baba, fundi Bakari, ana miaka sitini na saba. Kutoka Minago hadi Kigwena, sijui redio ambayo hajaifungua. Lakini tangu Ramadhani watu wameanza kupeleka vitu vyao Bujumbura, wanasema mzee anachelewesha. Mama Fabiola ndiye mteja mkubwa aliyebaki, na naye akatoa neno lake: siku ya nne ikifika adhuhuri ruta haijawaka, anapanda gari nayo. Akiondoka huyo, baba amebaki na meza tupu.

Sasa mtazame fundi wangu. Siku ya kwanza alipuliza vumbi. Siku ya pili akabadilisha kapasita mbili ambazo hazikuwa na kosa lolote. Siku ya tatu akalaumu umeme, kisha joto, kisha mimi, eti mvuke wa mawese yangu unaingia kwenye mashine. Nikamwambia ajaribu chaja nyingine. Akaniambia nikauze mafuta.

Chaja zilikuwa mbili pale mezani, ya ruta na nyingine iliyosahauliwa na mteja, zenye vichwa vinavyofanana. Baba alizipima mkononi, moja kulia, moja kushoto, kama anayenunua viazi.

"Yake ni hii," akasema. "Iko nzito. Nzito ndiyo iko na nguvu."

Zamani ilikuwa hivyo kweli, na yeye alijifunza zamani.

Siku ya nne, saa tano, mama Fabiola akatokea.

"Amahoro, papa Bakari. Mashini yangu iko namna gani? Bantu banarudia ku mulango kila siku."

"Iko karibu, mama."

"Karibu ya lini?"

Nilishindwa kuvumilia. Nikainuka na mikono yangu ya mafuta, nikaichukua ile chaja nzito. Iliandikwa volti tisa. Ruta inataka kumi na mbili, imeandikwa mgongoni. Ile nyepesi ilikuwa kumi na mbili.

"Baba, siku nne zote. Si imeandikwa hapa?" Nikamsogezea chaja hadi usoni.

Akaipokea. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaigeuza upande usio na maandishi hata kidogo, akautazama kwa muda.

"Eeh," akasema. "Kweli, imeandikwa."

Hasira yote ikaniishia. Nikaona aibu, tena aibu kubwa, kwa kelele nilizompigia mtu ambaye haoni maandishi.

Nikachomeka ile nyepesi. Taa ya tatu ikapepesa, ikatulia, ya nne ikawaka. Mama Fabiola akatutazama sote wawili, akashukuru, "Murakoze," akabeba mashine yake bila kuuliza neno.

Baba aliiweka ile chaja nzito pembeni. Kisha akainama chini ya meza, akatoa redio tatu zilizolala huko tangu Ramadhani, zile zile nilizokuwa nikimsimanga kwazo kila asubuhi. Akazipanga mbele yangu, na juu yake akaweka kipimo chake cha umeme.

"Nour," akasema, "leta kiti chako huku. Unisomee."