Jiwe la Mama Sitara

Mtoto wa miaka mitano aliniuma mkono mpaka damu ikatoka. Kisa? Nimesogeza jiwe.

Msicheke. Kisa hiki kina uchafu wa mtu mzima ndani yake, na mpaka leo nikikikumbuka natema mate.

Ilikuwa mwaka themanini na tatu. Nilikuwa mwalimu wa chekechea moja ya uchochoroni Kariakoo, si mbali na Mnazi Mmoja. Enzi hizo kila kitu foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, khanga foleni. Ukichoka kusimama unaweka jiwe lako kwenye mstari, unaenda kukaa kivulini. Jiwe ndiyo wewe. Ole wake atakayeligusa.

Watoto nao wakawa wanacheza foleni. Kawaida tu.

Ila Sitara alicheza peke yake, mchezo uleule kila siku. Anapanga mawe. Anachukua jiwe kubwa lenye kizibo cha soda juu, analipitisha kwenye mstari, anakaza sauti kama dume zima: "Huyu nani?"

Anajijibu kwa sauti nyingine: "Mgeni."

Kisha anaokota kijiwe cheupe, anakitupa mtaroni, kwenye yale maji meusi yanayonuka. Halafu anaingiza mkono humo humo, anakitoa, anakifuta na gauni lake, anakirudisha mstarini. Anaanza upya.

Hicho kijiwe ndicho nilichosogeza nikaumwa.

Akina mama wa mtaani wakasema huo uchawi. Mtoto anachezea mawe na maji machafu, anawanuizia watu.

Siku ya pili akaja baba yake, Uwesu. Alikuwa mwajiriwa wa bohari moja mjini. Shati limepigwa pasi, nywele zinang'aa mafuta.

"Mwalimu, huyu ana jini. Tangu mama yake atoroke na bwana, kaharibika. Ijumaa nampeleka Buguruni kwa fundi akapungwe. Akitoka huko anakwenda Lindi kwa shangazi yangu, akae hukohuko."

Nyuma yake kasimama mwanamke mpya, kajifunga khanga ninayoijua. Ya Mama Sitara. Kinyaa kikanishika, nikajifanya napanga mabenchi.

Siku hizi kuna watu wamesomea kabisa kucheza na watoto ili wajue kinachowauma. Sisi tulikuwa na fimbo. Lakini kumpiga yule mtoto roho ilikataa. Alhamisi asubuhi nikachuchumaa pembeni ya mawe yake, bila kugusa kitu.

"Sitara, naomba nicheze. Mimi niwe nani?"

Akanitazama weee, mwisho akanipa jiwe bapa. "Wewe baba. Una kitambulisho."

"Haya. Baba anafanya nini?"

"Mgambo akikuuliza, sema mgeni. Halafu angalia kule."

Hiyo ya kuangalia kule ikanishtua.

Jiwe la kizibo likanifikia. "Huyu nani?"

"Mgeni," nikasema, nikageuza uso.

Kijiwe cheupe kikaenda mtaroni. Safari hii hakukifuata. Alikaa chini akalia kimyakimya.

"Sitara, mgeni gani huyo? Katoka wapi?"

Akanishangaa kama vile mimi ndiye mtoto. "Si mama! Mama anaitwa Mgeni."

Nikaliweka chini lile jiwe bapa.

Mtaa mzima tulimwita Mama Sitara. Hakuna hata mmoja wetu aliyelijua jina alilopewa na wazazi wake. Na mwaka ule mgambo walikuwa wanasaka watu wasio na kazi, wanawapakia lori kwenda kulima. Mwenye kitambulisho cha kazi akisema huyu mke wangu, mwanamke anaachwa. Mgeni wa mjini, hana kazi, anapanda lori. Kumbe Mama Sitara hakutoroka na bwana; alipakiwa lori kwenye foleni, mtoto wake anatazama.

Nikakitoa kile kijiwe mtaroni kwa mkono wangu, nikamshika mtoto, moja kwa moja kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Ramadhan.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Mbona unahema?"

Nikamweleza. Akaagiza Uwesu aitwe. Jamaa akaja anatafuna karanga.

"Uwesu, ulimwambia mgambo kwamba mkeo ni mgeni?"

Akatabasamu. Naapa, alitabasamu. "Mzee, niliulizwa huyu nani, nikasema Mgeni. Si ndiyo jina lake? Uongo wangu uko wapi?"

Yaani alikuwa na jibu tayari! Kalitunza, anasubiri aulizwe. Na maganda ya karanga anayatema hapohapo, kwenye mkeka wa mzee. Nimeona panya wa sokoni wenye haya kuliko yule bwana.

Mzee Ramadhan alimwambia neno moja tu: "Toka."

Buguruni hawakwenda, Lindi hawakwenda. Mtoto alilala kwangu mpaka mzee alipofuatilia na mama akapatikana kwenye shamba moja la mkonge, kakonda, viganja vimechanika.

Mama alipoingia chekechea, Sitara hakumkimbilia. Alikwenda kwenye mstari wake, akakiondoa kijiwe cheupe, akaonyesha pale kilipokuwa.

"Simama hapa mwenyewe."

Mama wa watu akasimama katikati ya mawe, analia.

Baadaye nikamuuliza, "Siku ile kwa nini hukupiga kelele? Si ulimsikia mumeo?"

"Nilimsikia, mwalimu. Nikacheka. Nilidhani ananitambulisha. Miaka yote ya ndoa, ilikuwa mara ya kwanza anataja jina langu mbele za watu."



Mzazi unayesoma hapa, mtoto wako akirudia mchezo mmoja kila siku, acha kukimbilia mganga, acha fimbo. Chuchumaa, omba kucheza, muulize wewe uwe nani. Akikupa jiwe bapa lipokee, useme anachokutuma, hata kama kinakuchefua.

Halafu nenda kwa jirani yako, huyo Mama Fulani. Muulize jina lake.