Mufano wa Kilio Niliouandika kwa Jina Langu

Haya yangu, mukitaka kucheka, mucheke polepole.

Ofisini kwetu Bunia nilipewa kuandika maelezo ya programu mupya. Inaonyesha orodha ya kazi, na mawakala wa akili bandia wanaisoma na kuzifanya wenyewe, bila kuuliza mutu.

Maelezo yalihitaji mufano. Siku hizi kwetu hakuna kazi inayorudi kama kutangaza kilio, basi nikaingiza mu orodha: «Tangazia wafanyakazi wote kifo cha…» Hapo mukono ukakwama. Kuandika jina la mutu muzima pale ni kumuitia mabaya. Nikaweka langu, nikajiona mwenye adabu sana. Nikanakili vile inaonekana, nikaweka mu maelezo, lakini ile kazi yenyewe sikuifuta mu orodha. Nilifikiri hata mashine itaelewa kwamba ni mufano.

Kesho yake nikaenda Gety kwa dada yangu, ambako rezo ya simu hakuna. Niliporudi, nikakuta turubai ya matanga imefungwa mu lupango yetu, pale uwanjani, na wanawake wanapika sombe.

«Nani amekufa?» nikamuuliza jirani. Akaangusha kikombe, akakimbia.

Mama, aliyekuwa amekaa chini, akanishika uso kwa mikono miwili. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia.

Chefu wangu wa ofisi, naye alikuja kulia, akainua simu yenye ujumbe wa kifo changu. «Ni mashine ilitutumia hii. Lakini iko mutu aliiambia.»

Mama akaniangalia. «Sema, mutoto wangu. Ni nani alikutakia kufa?»

Watu wote wa matanga wakasogea karibu, wakingoja jina.

«Ni mimi, mama.»