Alichokiona Tabea

Tabea alishona nguo miaka ishirini na sita kwenye baraza ya nyumba yake pale Nkoaranga, na kazi hiyo ilimfanya aijue miili ya watu kuliko wenyewe. Binti mwenye mimba alimjua kabla mama yake hajashtuka. Mzee aliyeanza kupinda bega alimjua kwa kumkatia koti. Mtu akishasimama mbele yake, futi ikamzunguka kiunoni, hakuwa na la kumficha.

Mumewe, Kaanaeli, alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi, mtu wa miraba minne, mwimba besi kwenye kwaya ya usharika. Wiki moja kabla ya Pasaka alimletea suruali yake ya kanisani.

“Mama Anande, hebu ipunguze kiunoni. Mkanda umefika tundu la mwisho.”

Tabea akampima, akapunguza inchi mbili. “Unarudia ujana,” akamtania. “Uniambie mapema kama kuna mtu unamvalia.”

Kaanaeli akacheka, akaichukua suruali yake, akaenda kuimba.

Mwezi uliofuata, asubuhi moja, alisimama kwenye mlango wa jiko na kusema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba ameona damu chooni.

“Itakuwa bawasiri,” alisema.

“Acha pilipili, unywe maji mengi,” Tabea alijibu. Alikuwa anamenya ndizi na hakuinua uso. Mchana alipita duka la dawa, akamnunulia dawa ya kupaka. Baada ya wiki mbili damu ikakoma, au Kaanaeli aliacha kuitaja. Tabea hakuuliza. Walikuwa wamezaa, wamezika wazazi, wamejenga, lakini mambo ya choo hawakuwahi kuyaongelea, na hakuona pa kuanzia.

Mwezi wa saba kahawa ilipoanza kuiva, suruali ikaletwa tena. Inchi moja na nusu. Kaanaeli alisema ni kazi ya shamba. Kila siku alikuwa akiinuka mezani kabla ya kumaliza chakula, anaelekea chooni, anarudi, baada ya muda kidogo anakwenda tena. Suruali ililetwa mara ya tatu mwezi wa tisa, na siku hiyo Tabea alikaa na futi mkononi akiitazama ile namba. Alimkumbuka baba mkwe wake, ambaye yeye ndiye aliyemuuguza alipokuwa bibi harusi mgeni katika nyumba ile. Mzee alikonda hadi akabebwa kama mtoto, mashuka yake yakifuliwa yana damu, akafa ana miaka arobaini na nane. Wengine walisema karogwa, wengine vidonda vya tumbo. Kumbukumbu hiyo ilimjia, akaisukuma kando, akatia uzi kwenye sindano.

Mwezi wa kumi Kaanaeli alikuwa akipandisha mkungu wa ndizi kutoka bondeni. Katikati ya njia akaketi chini na hakuweza kuinuka. Majirani walipomfikisha hospitali, viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga.

Daktari alikuwa dada wa umri wa binti yao Anande. Alimwamkia shikamoo, kisha akauliza bila kuzunguka: “Baba, choo chako kikoje siku hizi?”

Kaanaeli akatazama ukuta. Halafu, kidogo kidogo, akasema. Damu haikuwahi kukoma, ilikuwa inakuja na kuondoka. Choo kilikuwa chembamba kama kalamu. Wiki hii anafunga, wiki ijayo anaharisha. Akitoka anahisi bado hajamaliza. Na uchovu, daktari, uchovu ambao usingizi hauutoi.

“Tangu lini?”

“Tangu kabla ya Pasaka.”

“Kwenye ukoo, kuna aliyewahi kuumwa utumbo?”

“Hapana,” alisema Kaanaeli.

“Baba yake,” alisema Tabea.

Daktari akaweka kalamu chini. Hakuwagombeza. Alieleza kwamba mtu ambaye mzazi au ndugu yake aliugua saratani ya utumbo mpana anatakiwa kupimwa miaka kumi kabla ya kufikia umri ambao yule aliugua, hata kama hasikii chochote, maana ugonjwa huu huanza kimya. Kaanaeli alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Tabea alipiga hesabu hiyo kichwani na hakumwambia mtu jibu.

Alipelekwa Moshi, akakutwa na saratani hiyo, wakamfanyia upasuaji. Uvimbe ulitolewa, lakini ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini. Alirudi nyumbani, akaishi miezi kumi na mmoja. Siku moja wamekaa barazani, Tabea akashindwa kujizuia.

“Niliona, Baba Anande. Nilikupima mara tatu.”

Kaanaeli akasema, “Mimi ndiye niliyekuwa naingia chooni, si wewe.”

“Uliniambia habari ya damu. Nikakujibu habari ya pilipili.”

“Nilitaka unijibu hivyo,” alisema. “Ungesema twende hospitali, ningekasirika.”

“Ungekasirika, halafu tungekwenda.”

Kaanaeli alinyoosha mkono, akaushika wa Tabea.

Kwenye mazishi mzee mmoja alisimama akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Tabea, aliyekaa mstari wa mbele, aliona methali ile imemwonea marehemu. Kaanaeli alificha nusu tu. Nusu nyingine aliisema mlangoni pa jiko.

Siku ya arobaini, ukoo ulipokutana, alimwita shemeji yake Mika kando. Mika ndiye mdogo wa Kaanaeli, ana miaka arobaini na mitano, anauza vifaa vya ujenzi Kaloleni.

“Shemeji, unaona damu ukienda choo?”

Mika akageuza macho. “Shemeji, mambo gani hayo ya kuulizana?”

“Baba yenu, kisha kaka yako. Nenda ukapimwe, hata kama huoni kitu.”

“Nasikia wanaingiza kamera huko nyuma.”

“Wanaingiza. Utaona aibu siku moja tu.”

Mika alikataa, akakataa tena kwenye simu, mpaka Anande mwenyewe alipofunga safari kutoka Sekei kwenda kumchukua dukani, akampeleka hospitali. Walimkuta na vinyama viwili vidogo kwenye utumbo, vya aina ambayo ikiachwa miaka hugeuka saratani. Vikatolewa palepale, naye akarudi nyumbani jioni.

Jumapili iliyofuata Mika alipanda Nkoaranga. Alimshukuru Tabea kwa maneno mengi, machozi yakimlengalenga. Tabea alimpa chai, akamsikiliza, akamsindikiza hadi barabarani, akamwambia amsalimie mkewe. Kisha akarudi, akaketi kwenye ngazi ya baraza. Alikuwa anafikiri jinsi swali lile alilomwuliza Mika lilivyokuwa fupi.