Mipira ya Maji Katika Jumba la Redio

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru nilikuwa fundi katika jumba la mitambo ya redio, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Ndani ya jumba hilo mlikuwa na makabati ya chuma marefu kuliko mtu, na ndani yake taa kubwa za kurushia matangazo. Taa hizo zilichemka vibaya sana. Bila maji kuzizunguka mfululizo zingeungua kabla hujamaliza kikombe cha chai. Maji yalipita kwenye mipira, na mipira ilikuwa kazi yetu, mimi na mzee mmoja wa kutoka Mumias.

Mzee huyo alikuwa Mwislamu mpole, hafungui kabati bila kusema bismillahi. Siku yangu ya kwanza aliniambia kwamba humu maji na umeme vinalala kitanda kimoja, na vikigombana tutakufa sisi. Ndiyo maana tulitumia maji safi kama yale ya betri, yasiyopitisha umeme, na mipira maalumu kutoka ng'ambo.

Sikukuu ya uhuru ilipokaribia, mipira ikaanza kupasuka nyufa. Mkubwa wetu, kijana aliyekalia kiti cha Mzungu aliyeondoka, alikuwa ameagiza mingine, lakini ilikwama bandarini. Nairobi walimpigia simu kila mara. Hotuba ya kiongozi wa nchi lazima isikike magharibi yote, basi. Asubuhi moja akaja na mpira mweusi uliokunjwa nyuma ya gari, ameutoa Lugari kwenye shamba la mlowezi aliyekwisha kuuza na kwenda zake. Alisema mpira ni mpira, haupitishi umeme. Sote tuliamini hivyo; hatukujua kwamba mpira mweusi hutiwa masizi ya kaboni, nayo hupitisha umeme.

Tuliuosha mara nyingi, lakini harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe haikutoka. Tukaukata vipande, tukavivisha kwenye midomo ya shaba na kukaza vibanio. Tulipowasha, mtambo ulinguruma kwa sauti nzito nisiyoizoea. Kwenye kidirisha cha kabati niliona mipira mipya ikitoa jasho.

Siku ya sikukuu wingu jeusi lilikuwa limeshuka upande wa Buyangu hotuba ilipoanza. Mshale wa kipimo cha umeme ulianza kupanda pole pole, kama mdudu anayepanda ukuta. Kisha nikanusa mpira unaoungua. Mzee aliomba ruhusa ya kuzima. Mkubwa alikuwa ameshika simu, uso umemkauka. Akasema hakuna wa kukata maneno ya kiongozi.

"Basi njoo usimame hapa karibu na kabati pamoja nasi," mzee akamwambia.

Mkubwa hakusogea. Cheche ya buluu iliruka ndani ya kabati, mpira mmoja ukapasuka, na maji ya moto yakafoka kwenye matundu ya mlango. Mzee alipitisha mkono katikati ya mvuke ule akavuta swichi kuu. Ngozi ya mkono wake ilibambuka hadi kwenye kiwiko. Alikaa chini sakafuni, na jumba zima likawa kimya.

Kimya hicho kilikuwa kimefika mjini. Nyumbani kwetu Shieywe majirani walikuwa wamejaa sebuleni kusikiliza. Mke wangu, aliyekuwa akisonga obusuma, ugali wetu, alinisimulia baadaye kwamba walidhani betri ya redio imekwisha, mpaka jirani wa nyumba ya pili akaja kusema hata redio yake imenyamaza. Mtu akanong'ona kwamba kiongozi ameuawa. Hakuna aliyebisha. Wanawake walikusanya watoto, maduka yakafungwa mchana kweupe, na radi ilipoanza kupiga watu walilala chini ya vitanda wakidhani ni mizinga.

Polisi walitufikia mvua ikiwa bado inanyesha. Waliuliza nani amezima. Mkubwa akamwonyesha mzee kwa kidole. Ulikuwa ukweli, ila nusu yake. Nilieleza habari ya mpira wa shambani, nikaonyesha kipande kilichoungua. Ofisa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Nani aliwatuma?" Nikaeleza tena. Akauliza tena.

Mimi niliachiliwa kesho yake. Mzee walimzuilia wiki nyingi, na hata alipotoka hakurudishwa kazini. Mkubwa alihamishiwa Nairobi, kwenye cheo cha juu zaidi.

Nilikwenda Mumias kumjulia hali. Nilimkuta barazani kwake, mkono umepona kwa makovu, vidole havikunjuki. Alinikaribisha chai na kuuliza habari za nyumbani, lakini kila mara macho yake yalivuka barabara. Nilipoaga akanishika bega.

"Mwanangu, usije tena. Kuna mtu pale dukani. Tangu nirudi anakaa hapo, na hanunui kitu."

Njia ya kwenda stendi ilipita mbele ya duka hilo. Mtu huyo alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda, amevaa koti zito kwenye jua lile. Sikuwahi kumwona maishani mwangu. Nilipomfikia aliinua kofia kidogo, akanisalimu kwa jina langu, na kuniuliza kama mke wangu hajambo.

Sikurudi tena Mumias mzee yule akiwa hai.