Katuni ya watoto imenichoma

Leo nimepoteza rimoti kwangu hapa mtaani Satellite, na aliyenichoma, akatoboa siri yangu, ni katuni.

Mnajua ile tamthilia ya runinga ya wanafunzi wanaopendana shuleni? Nimeipiga marufuku. Ikianza tu, naweka habari. Mabusu mbele ya mke wa mwanangu, hapana.

Sasa wameitolea watoto katuni ya hadithi ile ile. Hiyo nimeiruhusu, haina busu hata moja.

Basi leo natazama na mjukuu wangu Wambui. Msichana wa katuni analia, kijana wa gitaa hamtaki.

Nikamtuliza Wambui. "Usijali, mama. Atampata yule kijana wa miwani. Halafu mwalimu mkuu atajulikana ndiye babake."

Kumbe mama Wambui amesimama mlangoni.

"Baba, katuni haijafika hapo. Hayo umeyajulia wapi?"

Ningesemaje, kwamba marudio ya mchana ya tamthilia ile huwa nayaangalia nikibaki peke yangu?

"Kwa kinyozi," nikasema.

"Baba, wewe una upara."

Akanyoosha mkono. Nikampa rimoti.

Wazee mnaocheka, semeni nyinyi hujificha wapi.

Sasa hivi anaangalia tamthilia yake sebuleni. Mimi niko chumbani, mlango nimeuacha wazi kidogo, nisikie kama wa miwani amekubaliwa na mwalimu mkuu.