Paswadi ya Mke Wangu

Jumanne, tarehe tisa Septemba, mke wangu alikufa. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Paswadi ya kikundi cha mbegu cha hapa Kanyangi ilipotea siku hiyo hiyo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karani na hakuwa amemwambia mtu.

Hakuniambia hata mimi. Kwa miaka sita alifungua kompyuta ya kikundi kila asubuhi mezani kwetu, mimi nikinywa chai upande wa pili, akaandika neno lile kwa vidole viwili. Lilikuwa refu. Sikuwahi kumuuliza. Baada ya mazishi niligundua kwamba nalitaka hilo neno kuliko nguo zake, ambazo dada zake walikuja kutoka Kalamba kuzigawana. Nilitaka kujua alikuwa akiwaza nini kabla ya kuanza kazi.

Mwanzo wa Oktoba mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja jirani yetu, alimwita fundi aliyetengeneza mfumo wa kompyuta ya kikundi. Ni msichana wa Kitui mjini. Orodha ya nani apewe mbegu gani ilikuwa imefungiwa mle ndani, na mawingu yalikuwa yameanza. Nilienda pia. Fundi akasema ni kazi ya dakika mbili, ataweka paswadi mpya. Nikamwomba kwanza anisomee ya zamani.

Akasema hawezi. Nilidhani hataki.

"Haimo, mzee," akasema. "Mfumo hauweki neno. Unalisaga, unaweka unga. Karani akiandika tena, unasaga tena, halafu unalinganisha unga na unga."

Mimi nina mashine ya kusaga hapo sokoni, kwa hiyo alikuwa ameingia kwenye kazi yangu. Nikamwambia nikionyeshwa unga naweza kusema ni mahindi gani, kama yamechanganywa na wimbi, na mara nyingine ni ya nani. Akasema hata wezi hufanya hivyo. Wanasaga maneno ya kawaida huko kwao, kisha wanakuja kulinganisha. Ndiyo maana kila neno linatiwa chumvi yake kabla ya kusagwa, ili hata watu wawili wakichagua neno moja, unga wao usifanane. Tena mashine yenyewe imepunguzwa mwendo makusudi, ili anayejaribu maneno mengi achoke. Nikasema yangu ingekuwa hivyo ningebaki bila wateja. Hakucheka.

"Kama ningeweza kukusomea," akasema, "ningekuwa nimefanya kazi mbaya."

Ilibaki kubahatisha. Ukikosea mara tano mfumo unajifunga robo saa. Na akishaweka mpya, unga wa zamani unafutwa, hata kubahatisha hakuna tena. Fundi akamwangalia mwenyekiti, mwenyekiti akakubali nijaribu.

Nilijaribu jina la kifungua mimba wetu, jina la mama yake, jina la kanisa, na mwanzo wa wimbo aliokuwa akiimba akifua. Mara ya tano nilijaribu jina langu na mwaka wa harusi. Sioni sababu ya kuficha. Halikuwa lenyewe. Tukangoja robo saa. Nje watu walikuwa wamekaa na mifuko yao mitupu.

"Mzee, na sisi tunataka kupanda kabla ya Krismasi," mwenyekiti akasema.

Nikaanza tena. Nilipofika neno la nane nilikuwa nimeishiwa na vitu ninavyovijua kumhusu. Tulikaa pamoja miaka ishirini na saba.

Mwenyekiti akainama karibu nami. Zamani, kabla ya fundi huyu, kila mwanachama alikuwa na paswadi yake, na zote ziliandikwa wazi katika orodha moja, na yeye aliwahi kuiona. Alijua nani anatumia jina la mchungaji na nani anatumia jina la mbuzi wake.

"La marehemu nililiona pia," akasema kwa sauti ya chini. "Ni lile la kwanza, si hili. Nikwambie?"

Nilitaka sana. Nikamuuliza mke wangu alifanya nini alipojua limeonekana.

"Alilibadilisha siku hiyo hiyo."

"Basi usiniambie," nikasema. Nikamgeukia fundi nikamwambia aweke mpya.

Ilichukua dakika mbili kama alivyosema. Orodha ikafunguka. Sisi tulikuwa nyumba ya kumi na moja, na mke wangu alikuwa ametuandika mwenyewe mwezi wa nane, kabla ya kulazwa. Tulikuwa tumekubaliana ndengu. Aliandika mtama, kilo tatu.

Mwenyekiti akauliza kama abadilishe. Nikasema hapana. Wakanipimia mtama kilo tatu, nikatia sahihi.